SOMO LA MWEZI: SANDWICHI BILA NYAMA, VITU VITATU VYATOSHA

Somo la leo ni la jikoni, lakini mwenyekiti na mweka hazina wasilipite ati kwa sababu ni mambo ya kupika. Tukifika mwisho mtaona linahusu pesa za kikundi.

Tutazungumza juu ya sandwichi, yaani slesi mbili za mkate zilizobanwa pamoja na kitu katikati. Na tutashika zile zisizo na nyama.

Sababu ni hii. Vikundi vingi hupenda kuuza vitu vya kula siku ya soko, siku ya michezo ya shule, au panapokuwa na mkutano. Wengi huanza na chai na mandazi. Hiyo ni sawa, lakini jirani pia yuko na chai na mandazi, na yule wa pale kwenye kona vile vile. Wakitaka kubadilisha, wazo la kwanza huwa ni nyama au soseji. Nyama ni ghali, inaharibika haraka, na si kila mtu ataila. Katika mkutano mmoja unaweza kuwa na Mwislamu ambaye lazima ajue ni nani aliyechinja, Mwadventista ambaye ameacha nyama kabisa, Mkatoliki siku ya Ijumaa ya Kwaresima, na mzee ambaye meno yamebaki machache. Mkate wenye maharagwe, ndimu na pilipili hauulizwi maswali. Wote wanakula, tena meza moja.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijawafundisha, wacha niwaambie vile nilivyofunzwa na makosa. Mara ya kwanza nilipewa kazi ya kutengeneza sandwichi za semina ya siku moja. Watu walikuwa arobaini. Niliamka saa kumi usiku, nikapaka mkate siagi kidogo, nikaweka nyanya, tango, kabeji, karoti iliyokunwa na hoho. Vitu vitano! Nikanyunyiza chumvi juu ya nyanya, nikafunika, nikapanga kwenye beseni. Nilijisifu sana, kwa maana rangi zilipendeza.

Semina ilichelewa, kama kawaida yetu. Chakula kilifunguliwa saa nane mchana. Mkate ulikuwa umekuwa uji. Ukiinua kipande, cha chini kinabaki kwenye beseni. Na hata zile chache zilizokuwa bado zimeshikana hazikuwa na ladha ya kitu chochote. Watu walikula kwa heshima, nusu nusu. Mbuzi wa mwenye nyumba ndio walioshiba siku hiyo.

Nilikosea mambo mawili. La kwanza ni maji: chumvi ikikutana na nyanya au kitunguu kibichi huvuta maji nje, na yale maji yanakwenda wapi? Kwenye mkate. La pili ni ladha. Nilikuwa na vitu vitano na vyote ni vipole. Mkate wenyewe ni mpole. Ukiweka kipole juu ya kipole utatafuna tu.

Vitu vitatu, na viwe na nguvu

Tangu siku hiyo nafuata njia rahisi. Ndani ya mkate weka vitu vitatu tu: kimoja kizito, chenye kushibisha, kimoja kichachu, na kimoja kikali. Chumvi siihesabu, hiyo lazima iwepo. Kizito kinaweza kuwa maharagwe, ndengu, njugu karanga, yai au avokado. Kichachu ni ndimu, limau, ukwaju au embe bichi. Kikali ni pilipili, kitunguu saumu, tangawizi au kitunguu cha kawaida.

Mtauliza, kwa nini vitatu na si saba? Kwanza ni bei. Kila kitu unachoongeza ni shilingi, na ni dakika za kuosha na kukata. Pili, vitu vikali vikiwa vingi vinagombana. Kitunguu saumu na tangawizi na ukwaju na dania na pilipili zote kwa pamoja, mtu hajui anakula nini.

Jambo lingine la kukumbuka: ukionja kwa kijiko, ile rojo ya kupaka iwe imezidi kidogo. Iwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyopenda, na chachu kidogo zaidi. Ikiwa tamu sawasawa kwenye kijiko, ndani ya mkate itakuwa imelala.

Maharagwe, ndimu na kitunguu saumu

Hii ndiyo ningependa kila kikundi kianze nayo, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua nusu kilo ya maharagwe. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine safi, na uchemshe kwa moto mkali. Sasa sikilizeni vizuri ninyi mnaotumia kikapu cha kupikia, kile cha kufunika sufuria ili kuhifadhi kuni. Kikapu ni kizuri sana, lakini maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ndani yake. Sumu hiyo huisha yakitokota kwa nguvu. Moto mdogo peke yake hauimalizi. Mtu akila maharagwe yaliyopashwa tu bila kutokota anaweza kutapika na kuharisha vibaya. Basi yatokote kabisa kwa dakika 10 au zaidi juu ya moto mkali, ndipo uyatie kikapuni yamalizikie huko. Yakitoka yakiwa bado magumu, yarudishe motoni.

Yakiiva, chuja maji na uyaponde yakiwa moto. Mwiko watosha. Katika sufuria nyingine weka vijiko vikubwa vinne vya mafuta, na punje nane za kitunguu saumu zilizopondwa. Kaanga mpaka harufu ijae jikoni, lakini kisiungue, kwa maana kitunguu saumu kilichoungua ni kichungu na hakuna dawa yake. Tia maharagwe, vijiko vidogo viwili vya chumvi, na pilipili kali mbili zilizokatwa ndogo ndogo. Koroga mpaka ikauke na mwiko uweze kusimama wenyewe. Epua. Kamua ndimu tatu ukishaepua. Dania ukiwa nayo shambani, fungu moja. Usipokuwa nayo usihangaike.

Wacha ipoe kabisa kabla ya kupaka. Ukifunika ikiwa moto, mvuke unakuwa maji na tumerudi kwenye lile beseni langu.

Kwa upande wa afya, mkate na maharagwe ni kama majirani wanaosaidiana. Ngano ina upungufu wa kitu fulani kinachotakiwa kujenga mwili, na maharagwe yanacho kwa wingi. Vile vile maharagwe yana madini ya chuma, ambayo ndiyo huongeza damu. Lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama. Ndimu inakisaidia kuingia, kwa sababu ya vitamini C. Chai nayo inakizuia.

Hapa ndipo pana neno la uchungu kidogo kwetu sisi watu wa chai. Mama mja mzito au msichana anayepungukiwa na damu akila mkate wa maharagwe na kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa pamoja, sehemu kubwa ya faida inapotea. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa pakiti uongezwe chuma, na hicho nacho chai inakizuia. Sisemi muache chai. Nasema ikae kando, kama saa moja hivi baada ya kula. Pamoja na sandwichi kunyweni maji, au maji ya ndimu. Hata kwa biashara ni vizuri: ndimu mnazo tayari mezani.

Njugu, na jambo ambalo si la kufanyia mzaha

Njugu karanga zilizokaangwa, zikasagwa kwa kinu pamoja na chumvi, pilipili na ndimu, ni kitu cha ajabu kwenye mkate. Wengi wanajua siagi ya njugu ya dukani, ile tamu. Hii ni nyingine kabisa. Mkiweka ndimu msishtuke: ile rojo inaganda ghafla kama imeharibika. Haijaharibika. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, italainika. Kule Ukambani, wakati embe mbichi zinaanguka ovyo chini ya miti, zikuneni na kuziweka badala ya ndimu. Zikamueni maji kwanza kwa mkono.

Lakini njugu zinaweza kuingia ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Ni sumu ile ile ya mahindi. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa ajili ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wengi wenu mnaokumbuka wakati ule hamhitaji kuambiwa zaidi. Na hata mtu asipougua siku hiyo, sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na inaweza kuleta kansa.

Kukaanga hakuimalizi. Kusaga kunaificha tu, tena mtu mwenye njugu mbaya hupenda kuzisaga. Kwa hivyo kikundi kinunue njugu nzima, na zichaguliwe mchana penye mwanga. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye ukungu au yenye ladha chungu, itupwe. Na kutupa ni kutupa, si kuwapa kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hiyo inapita hata kwenye maziwa. Hasara ya kikombe kimoja cha njugu mnaweza kuistahimili.

Pia wako watu ambao mwili wao unakataa njugu, hata kipande kidogo kinawavimbisha koo. Wanunuzi waambiwe wazi kwamba ndani kuna njugu.

Avokado na yai

Haya ni mafupi. Avokado iliyoiva, ndimu, kitunguu kilichokatwa kidogo sana, chumvi. Tamu mno, lakini haingoji mtu: baada ya muda inageuka nyeusi, hata ndimu inaichelewesha tu. Avokado ikatwe pale pale mbele ya mnunuzi. Wenzetu wa Murang'a, Kisii na Meru, ambao kwenu msimu ukifika zinaoza chini ya mti, hii ni yenu.

Mayai, mmeona kule mjini vijana wanaosukuma vigari, wanapasua yai la kuchemsha na kujaza kachumbari. Fanyeni vivyo hivyo lakini ndani ya mkate. Yai lichemshwe mpaka kiini kishikane. Kachumbari ikae bakuli lake, bila chumvi, na itiwe wakati wa kuuza.

Si lazima mkate wa slesi

Watu wa pwani watacheka wakisoma tukifundisha jambo hili kama jipya. Kwao asubuhi ni mahamri na mbaazi. Hamri lenyewe lina tui na iliki, tena lina uwazi ndani. Ukilipasua na kutia mbaazi za nazi zilizokolea, hiyo ni sandwichi, iitwe jina gani lolote. Hilo jina la sandwichi limetokana na bwana mkubwa mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl of Sandwich. Kubana chakula ndani ya mkate watu walikuwa wakifanya bila yeye.

Kwa hivyo chapati iliyokunjwa yafaa, skonzi zafaa. Chapati hata hushinda mkate kwa jambo moja: haichukui maji haraka. Kikundi chenye mama hodari wa chapati kisikimbilie duka.

Usafi na kufunga

Chochote kibichi kioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Kipindupindu hakiji na jina lake usoni. Pale mnapouzia pawe na kibuyu chirizi na sabuni, na anayeshika pesa asishike mkate. Hili watu hulichukulia kwa wepesi sana, na wanunuzi wanaliona kuliko mnavyofikiri.

Sandwichi za maharagwe na za mayai zilizotengenezwa saa moja asubuhi ziwe zimeliwa kabla ya saa tano, na kama ni siku ya jua kali, mapema zaidi. Za jioni zitengenezwe mchana. Zilizobaki msizilaze ili kuuza kesho. Na yule atakayefikiria kuweka kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa ya mafuta ili kikae wiki nyingi, aache. Ndani ya mafuta huweza kuota sumu isiyo na harufu.

Kufunga je? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kumaliza kikundi. Gazeti nalo si zuri, wino unashika kwenye chakula. Tumieni karatasi safi ya kaki, au jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika, likapanguswa. Jani ni bure, na linafanya chakula kionekane kimetoka nyumbani kwa mtu.

Mkiuza hadharani, muoneni kwanza afisa wa afya ya umma. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa na kuwa na cheti, na kaunti itataka leseni. Afadhali kuuliza mapema kuliko kuchukuliwa beseni saa nne asubuhi, wateja wakiangalia.

Sasa mweka hazina aje karibu

Bei hubadilika, kwa hivyo hizi ni za mfano tu. Mtaweka za kwenu.

Tuseme mkate mmoja ni shilingi 70 na unatoa slesi 14, yaani sandwichi 7. Mikate mitatu ni shilingi 210, sandwichi 21. Nusu kilo ya maharagwe ni 80, na yakiiva yanapita kilo moja, basi yanatosha zote. Mafuta, kitunguu saumu, ndimu, pilipili, chumvi na kuni, tuseme 60. Karatasi, shilingi 2 kwa kila moja, ni 42. Jumla ni shilingi 392. Kila sandwichi imewagharimu karibu shilingi 19.

Mkiuza zote kwa shilingi 30 mtapata 630. Faida, 238.

Lakini zikibaki tano, na mara nyingi zinabaki, na wanachama wakazila kwa furaha wakisema hazikuharibika, mtakuwa mmeuza 16. Hiyo ni shilingi 480. Faida imeshuka mpaka 88! Sandwichi tano tu zimekula shilingi 150. Ndiyo maana nasema siku za kwanza tengenezeni chache, ziishe, watu warudi wakiuliza. Na mwanachama anayekula alipe kama mwingine, iandikwe daftarini.

Hesabu nyingine hatupendi kuifanya. Akina mama wawili wamefanya kazi saa tatu kila mmoja, yaani saa sita. Hata ile faida nzima ya 238 ukiigawa kwa saa sita, ni kama shilingi 40 kwa saa. Siku iliyobaki tano, haifiki 15. Je, ni sawa? Labda ni sawa, ikiwa maharagwe yametoka shambani kwenu na mngeyauza kwa bei ya kutupa. Labda si sawa. Nimeona kikundi kikisherehekea faida mwaka mzima huku wale wanne waliokuwa wakiamka usiku hawajapata hata nauli. Wakachoka, wakajitoa, na biashara ikalala siku hiyo hiyo. Malipo ya mikono yaandikwe kama mnavyoandika ya mkate, hata kama ni kidogo.

Ya kujadiliana kikundini

Katika vitu vizito tulivyotaja, ni kipi tunacho shambani sasa hivi, na kitaisha mwezi gani?

Kwetu kitu kichachu ni kipi ambacho watu wanakiacha kioze? Tujaribu kukitumia tukutanapo tena, kila nyumba ilete bakuli dogo la rojo yake na mkate mmoja ununuliwe na kikundi. Tuonje bila kusema ni ya nani.

Sokoni kwetu siku ya kawaida, ni watu wangapi wanaonunua chakula kati ya saa mbili na saa tano? Atumwe mtu akahesabu kabla ya kununua hata mkate mmoja.

Na wale watakaoamka usiku, watalipwa kiasi gani, siku gani, na ni nani ataandika?